Kabla ya kuhamia Windows 11, pimeni mashine

Wenzangu wa saiba hapa Malindi, mnaoshinda mkihudumia watu wa KRA na eCitizen: msaada wa kawaida wa Windows 10, yaani masasisho ya kuilinda, uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kuhama ni lazima, maana mnashika nywila za watu. Lakini pimeni kwanza. Bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, andikeni tpm.msc, muone kama toleo la TPM, ile chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, ni 2.0. RAM ya GB 4 inakubalika, ila itajikokota. Kwangu mimi GB 8 ndiyo ya kazi. Mashine kuukuu ikikataa, wekeni Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni bure. Faili zote zinakiliwe kwenye flashi kabla hamjagusa kitu, na laptopu iwe na chaji, stima isije ikakatika katikati.