Somo: Kumtafuta askari wa miavuli wa Arnhem na familia yake (maswali ya wanachama yapo chini)

Wadau, wengi wenu mnafanya kazi ya kea Uingereza au mmeoa na kuolewa huko, na kila Septemba ikikaribia meseji ni zilezile: mzee ana bereti ya rangi ya damu ya mzee kabatini, ana picha ya vijana wamejipanga mbele ya ndege, haongei, watoto wake hawajui kitu, tuanzie wapi. Naandika mara moja, mkiulizwa mnatuma link.

Kwa asiyejua, kifupi tu. Tarehe 17 Septemba 1944 Waingereza walianza kuteremsha Divisheni yao ya Kwanza ya miavuli karibu na Arnhem, Uholanzi. Kazi ilikuwa kuteka daraja la mto Rhine na kulishikilia masaa 48 hivi mpaka vifaru vyao vifike kwa barabara. Shida ni kwamba viwanja vya kushukia vilikuwa mbali na daraja, zaidi ya kilomita kumi kwa mguu, na maeneo yale kulikuwa na divisheni mbili za Wajerumani wa SS (jeshi la chama cha Nazi) zinajipanga upya. Waliofika darajani ni kama watu 740, mkubwa wao John Frost, na walikaa pale siku tatu na zaidi mpaka risasi zikawaishia. Wenzao wakazingirwa kijiji cha jirani, Oosterbeek. Usiku wa kuamkia tarehe 26 wakavushwa mto kimyakimya waliobaki, hawakufika 2,500, na walioshuka walikuwa zaidi ya 10,000. Karibu 1,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 walishikwa mateka.

Hiyo namba ya mwisho ndio ufunguo wa somo zima. Babu wa mtu akiwa alipigana Arnhem na akarudi hai, basi kuna uwezekano mkubwa alikuwa mateka, na mateka ana makaratasi mengi kuliko askari wa kawaida.

Hatua ya 1: kabati kwanza, Google baadaye

Unachotafuta ni namba ya jeshi. Sio hadithi, sio jina la utani, namba. Uingereza ina akina Smith na Jones wasiohesabika, lakini namba ni ya mtu mmoja. Inakuwepo kwenye kijitabu cha malipo (AB 64), kwenye karatasi za kuachishwa jeshi, kwenye barua alizotuma toka kambini, wakati mwingine imegongwa ndani ya begi au mkanda.

Medali sasa. Watu wanadhani medali ina jina, kumbe zile nyota za vita ya pili Waingereza walizitoa bila kuandika jina, kwa hiyo ukikuta medali peke yake sokoni haikuambii ni ya nani hata uitazame vipi. Ila zikiwa za mzee wako zinakuambia alipita wapi. Nyota ya Afrika yenye kibao cha 1st Army maana yake inawezekana alikuwa Tunisia 1942 na 1943, na hapo brigedi ya kwanza ya miavuli ilipigana sana. Nyota ya Italia, na ile ya Ufaransa na Ujerumani, unajaza ramani.

Angalia pia begani kulia kwenye picha. Mabawa yenye mwavuli katikati maana yake alisomea kuruka, kozi ilikuwa Ringway pale Manchester, wanaanza kuruka kutoka kwenye puto ndio wanaenda ndegeni. Kama hana mabawa usikate tamaa na usimuite muongo, maana sio kila mtu wa Arnhem aliruka. Brigedi nzima ilienda kwa glaida, yaani ndege isiyo na injini inayovutwa na nyingine kisha inaachiwa: South Staffords, Border, na wale Waskoti wa KOSB (King's Own Scottish Borderers). Hili linawapoteza wengi, wanamtafuta mzee wa glaida kwenye orodha za waruka miavuli, miaka inaenda.

Hatua ya 2: faili la jeshi

Mafaili yalikuwa wizara ya ulinzi, sasa yanahamishiwa Nyaraka za Taifa pale Kew, London, kwa hiyo anza kwenye tovuti ya serikali uone la mzee wako linaombwa wapi. Mzee akiwa hai anaomba mwenyewe kwa saini yake. Akiwa amefariki unaambatanisha cheti cha kifo, na ndugu wa karibu hupewa zaidi ya mtu baki, kwa hiyo mwenye damu ndio aombe, wewe msaidie kujaza. Kuna ada, na kusubiri kwake ni kwa miezi. Tuma leo, hatua nyingine ziendelee huku unasubiri.

Faili likija usitegemee riwaya. Ni vifupisho na tarehe, kahamia huku, kalazwa hospitali, kapandishwa cheo, kashushwa (wengi walishushwa, vijana wa miavuli walikuwa watundu haswa). Unachotaka ni batalioni gani na tarehe gani.

Hatua ya 3: karatasi za mateka

Hapa ndipo penye utamu. Kew kuna mafungu mawili ya kuanzia (WO ni alama ya mafaili ya iliyokuwa wizara ya vita, War Office). WO 416 ni kadi ambazo Wajerumani wenyewe walijaza, baadhi zina picha ya mtu siku alizopokelewa kambini. Hazina kila mtu. WO 344 ni fomu walizojaza mateka walipokombolewa 1945: ulishikwa wapi, ukakaa kambi zipi, ulijaribu kutoroka, uliharibu mali ya adui? Sio wote walijaza, lakini ukiipata unakuta majibu ya mzee mwenyewe akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mara nyingi kwa mwandiko wake. Nimeona familia zinalia kwa mwandiko kuliko kwa medali.

Kambi zinazojirudia kwa watu wa Arnhem ni Stalag XI-B pale Fallingbostel, Stalag XII-A Limburg, na IV-B Mühlberg. Ukisikia mzee anamtaja RSM (sajini mkuu wa kikosi) Lord, ujue ni Fallingbostel: John Lord wa batalioni ya 3 ndio alirudisha nidhamu pale, gwaride kama wako nyumbani, wakati watu wana njaa.

Msalaba Mwekundu Geneva nao wana kumbukumbu za mateka, ila maombi wanapokea kwa vipindi na idadi ina kikomo, nafasi zikijaa wanafunga, kwa hiyo vizia.

Hatua ya 4: daftari la vita la kikosi

Kila batalioni iliandika matukio ya kila siku. Ya mwaka 1944 kwa Ulaya magharibi yako fungu la WO 171. Mengi ya Arnhem watu wameshayachapa na kuyaweka mtandaoni bure, angalia Pegasus Archive, halafu ParaData ya jumba la makumbusho la wanamiavuli lililopo Duxford. Maafisa wanatajwa kwa majina, askari wa kawaida hawatajwi, usitafute jina la babu humo. Unatafuta kampuni yake ilikuwa mtaa gani saa ngapi.

Hatua ya 5: kama alikufa kulekule

Hii rahisi. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC) ina sehemu ya kutafuta bure. Wengi wako makaburi ya Oosterbeek, wasio na kaburi linalojulikana wameandikwa ukutani Groesbeek. Soma mstari wa taarifa za ziada, mara nyingi unakuta "mtoto wa fulani na fulani, wa mji fulani". Huo mstari mmoja ndio unaokufikisha kwa wajukuu, maana sasa una mji, na gazeti la mji bado linachapa barua za watu wanaotafutana.

Hatua ya 6: mzee mwenyewe

Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1944 sasa anakaribia mia au keshapita, wamebaki wachache mno. Usimkalishe na simu inarekodi kama polisi. Mwekee picha mezani, mpe chai yake, muulize jina la aliyesimama pembeni yake. Majina ya wenzao huwa yanatoka hata kwa aliyesahau jina la mtaa wake. Usiulize aliua wangapi. Usimsahihishe, hata kama daftari linasema Jumatano na yeye anasema Alhamisi. Akinyamaza, nyamaza naye.

Hatua ya 7: Waholanzi

Hatua hii wengi wanaiacha na mimi naona ndio kubwa. Vita ile iliwaharibia watu wa Arnhem kila kitu. Wajerumani wakahamisha mji mzima, halafu ukafuata ule msimu wa njaa wa 1944 na 1945. Kwa hiyo askari wengi walirudi Uingereza wakiamini wamewaletea watu balaa, wakaona haya kurudi. Kumbe kule wanasubiriwa. Septemba 1945, mwaka mmoja tu baadaye, watoto wa shule walishaweka maua kwenye makaburi, na mpaka leo kila kaburi Oosterbeek linapata mtoto na shada lake. Mwaka 1969 wanajeshi walipendekeza basi, miaka 25 inatosha, tusitishe kumbukumbu hizi za kila Septemba, Waholanzi wakakataa kabisa.

Kuna nyumba zilizoficha majeruhi wiki hadi miezi, na mjukuu wa nyumba ile anaweza kuwa na kijiko au barua ya babu wa shemeji yako. Andika kwa Airborne Museum iliyoko hoteli ya zamani Hartenstein, ndio yalikuwa makao makuu ya divisheni. Waandikie jina, namba, batalioni, na mtaa kama unaujua. Hapo ndio utaona kwanini nilisisitiza hatua ya 1.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Leeds): Mzee ninayemuangalia kazini alikuwa huko, anaongea sana usiku. Naweza kuanza kumtafutia?

Dada yangu, usianze kimyakimya. Habari za mteja ni siri ya kazi, ukipiga picha ya medali zake ukaweka mtandaoni unaweza kupoteza kibarua hata kama nia ni njema. Muulize mzee kwanza, halafu mwambie meneja, halafu familia waandike wao. Wewe kazi yako iwe kuandika majina anayoyataja usiku, na tarehe, uwape watoto wake. Hiyo peke yake ni hazina.

Swali (Nairobi, mke wa Muingereza): Hatuna namba, hatuna kijitabu, kuna cheti cha ndoa tu cha 1943.

Kisome tena shemeji, sehemu ya kazi ya bwana harusi. Ndoa za wakati wa vita mara nyingi waliandika cheo, namba na kikosi palepale. Vilevile cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyezaliwa miaka ile, sehemu ya kazi ya baba.

Swali (Songea): Babu yangu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) akapigana Burma. Njia hizi zinanisaidia?

Baadhi. Kwanza KAR hawakuwa wa miavuli, walitembea, tena bonde la Kabaw 1944 kwenye mvua na matope, ila chakula na risasi walidondoshewa na ndege kwa miavuli, kwa hiyo babu akisema habari za miavuli hadanganyi. Daftari za vikosi vya Burma tafuta WO 172, sio 171. Kama hakurudi, CWGC palepale, wengi wasio na kaburi wako ukuta wa Rangoon pale Taukkyan. Jina litafute kwa spelingi zote, afisa aliandika alichosikia. Jina la baba, kijiji na kabila ukiwa navyo unapunguza kubahatisha.

Swali (Glasgow): Babu wa mume wangu Mpoland, anasema naye alikuwa Arnhem. Kweli?

Kweli tupu, na msimbishie. Brigedi ya Kipoland ya Jenerali Sosabowski, wengi wao walirukia Driel, ng'ambo ya pili ya mto, siku wenzao wa darajani wameshazidiwa. Baadae Waingereza wakamsukumia lawama Sosabowski, akavuliwa ukamanda, akaishia kufanya kazi kiwandani London. Uholanzi walimpa heshima 2006, keshafariki tangu 1967. Mwambie mumeo aanzie taasisi ya Kipoland na makumbusho ya Sikorski, ipo London.

Swali (Mombasa): Bila kukosea heshima, haya ya wazungu yanatuhusu nini?

Halali kuuliza kaka. Ukiwa Kenya, mtafute Digby Tatham-Warter. Huyu ndio yule meja aliyetembea na mwamvuli wa mvua kwenye risasi pale darajani Arnhem, anasema neno la siri lilikuwa linamtoka kichwani, basi bora waone mwamvuli wajue huyu Muingereza. Alishikwa, akatoroka hospitali, akajificha kwa Waholanzi, na Oktoba wakavusha mto watu zaidi ya 130 kwa usiku mmoja. Baada ya vita alihamia Kenya, na wakati wa Mau Mau alikuwa upande wa serikali ya kikoloni, hilo nalo tuliseme. Alifia Nanyuki 1993. Wazee wa Nanyuki waliomjua wapo, na nina hakika wana ya kusema tofauti na ya Waholanzi. Mtu wa huko awaulize.

Swali (Birmingham): Tunataka kumpeleka mzee Septemba, mimi na pasipoti ya Tanzania. Ushauri?

Kibali chako cha kuishi Uingereza hakikuingizi Uholanzi, unahitaji viza ya Schengen, na miadi miezi ya kiangazi inajaa haraka, anza masika. Hoteli za Arnhem na Oosterbeek zinajaa mapema vilevile. Kwenye kumbukumbu, kwa kawaida Jumamosi wanamiavuli wanaruka pale Ginkelse Heide, nje ya Ede, upepo ukizidi wanachelewesha au wanaahirisha, kwa hiyo blanketi na chai ya thamosi. Jumapili ni ibada makaburini, ndio ya watoto na maua. Kiti cha magurudumu mwambieni mwenyeji mapema watawawekea nafasi mbele. Na mzee avae bereti yake, hata kama atasema hataki, ibebe kwenye mkoba.