Namna ya Kuanza Utafiti katika Maabara ya Usanifu wa Kompyuta na Kupata Namba Inayoaminika

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika maabara ya usanifu wa kompyuta hutarajia kukuta chipu zikichongwa chini ya hadubini. Anachokikuta mara nyingi ni watu wachache wanaotazama skrini, ubao uliojaa visanduku na mishale, na foleni ya kazi kwenye klasta ya seva ambayo haiishi usiku wala mchana. Kutengeneza chipu halisi ni ghali na huchukua miezi mingi, kwa hiyo mawazo mengi ya fani hii hupimwa ndani ya kiigaji, yaani programu inayojifanya kuwa kichakataji na kukokotoa, mzunguko mmoja wa saa ya ndani ya kichakataji baada ya mwingine, mambo ambayo yangetokea kama kichakataji hicho kingekuwapo. Kwa kuwa hakipo, hakuna mashine ya kukuumbua unapokosea. Kazi ya kuitilia shaka namba yako inabaki kuwa yako mwenyewe, na humo ndimo ulipo ugumu wa miaka ya mwanzo.

Kabla ya kutafuta wazo jipya

Usianze na wazo lako. Anza kwa kurudia kazi ndogo ya zamani ambayo jibu lake linajulikana, na ninayoipendekeza mimi ni kitabiri cha matawi kiitwacho gshare, alichokieleza Scott McFarling mwaka 1993. Programu inapofika kwenye njia panda ya sharti, kichakataji hakiwezi kungoja hadi sharti lijulikane. Hukisia upande na kuendelea. Gshare huchukua historia ya matawi yaliyopita hivi karibuni, huichanganya na anwani ya tawi la sasa kwa XOR (kulinganisha biti moja moja na kutoa 1 pale zinapotofautiana), kisha hutumia matokeo hayo kuchagua katika jedwali kihesabu kimoja cha biti mbili kinachosema ni upande upi wa kukisia. Msimbo wake hautazidi mistari michache, lakini utakulazimisha kujua ni wapi hasa ndani ya kiigaji ambapo utabiri hufanyika, ni lini jibu la kweli hujulikana, na ni nani anayesahihisha jedwali. Ukimaliza, ongeza ukubwa wa jedwali mara mbili, kisha mara mbili tena, na uchore mchoro. Kwa ujumla makosa ya utabiri yanapaswa kupungua, kisha kupungua huko kukawia. Iwapo mstari haubadiliki kabisa, huenda jedwali lako halitumiki popote. Nimeshuhudia jambo hilo likigunduliwa baada ya wiki nzima ya kuandika maelezo ya kina kuhusu matokeo.

Kukijua kiigaji kwa udhaifu wake

Maabara nyingi hutumia gem5, iliyozaliwa kwa kuunganishwa kwa viigaji viwili, M5 ya Chuo Kikuu cha Michigan na GEMS ya Chuo Kikuu cha Wisconsin na kutambulishwa rasmi mwaka 2011. Nyingine hutumia viigaji vyepesi zaidi kama ChampSim, ambavyo haviendeshi programu yenyewe bali husoma rekodi ya amri zilizokwisha kutekelezwa na mashine halisi. Tofauti hii si ya kiufundi tu. Rekodi ya namna hiyo huwa na amri za njia iliyo sahihi peke yake. Zile ambazo kichakataji kingezianza kwa kukisia vibaya, kisha kuzifuta, hazimo. Spectre, udhaifu wa kiusalama wa vichakataji uliotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2018, unatokana na amri hizohizo zilizofutwa, kwa kuwa huacha alama ambazo mshambuliaji anaweza kuzisoma ndani ya kache, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka ya kichakataji. Mtafiti anayetaka kuchunguza jambo kama hilo kwa rekodi zisizo na njia isiyo sahihi atakuwa anatafuta samaki kwenye kisima kikavu. Basi kabla ya kuchagua kiigaji, andika kwa sentensi moja jambo unalotaka kulipima, kisha uliza kama kiigaji hicho kinaliiga kweli au kimeliruka.

Udhaifu wa pili ni mwendo. Chukulia kiigaji cha kina kinachotekeleza amri 200,000 kwa sekunde, ilhali kichakataji halisi hutekeleza mabilioni. Programu yenye amri trilioni moja, na zile za SPEC CPU2017, mkusanyiko wa programu za kupimia kasi ya kompyuta, hufika huko, ingehitaji sekunde milioni 5, yaani takriban siku 58. Ndiyo maana hatuigi programu nzima bali vipande vyake. Mbinu ya SimPoint, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2002, hugawa utekelezaji katika vipindi, huvipanga katika makundi kwa kutazama ni sehemu zipi za msimbo zilizopitiwa, kisha huchagua kipindi kimoja kuwakilisha kila kundi. Hapa kuna mtego ambao wageni wengi hunaswa: ukianza katikati ya programu, kache ziko tupu, na kila data itaonekana imekosekana. Tenga kipindi cha kuzijaza kabla ya kuanza kuhesabu, na uhakikishe kinatosha kwa kukirefusha na kuona kama namba bado inasogea.

Msingi wa kulinganishia

Makosa mengi zaidi hayamo katika wazo jipya bali katika mfumo unaolinganishwa nalo. Katika mradi wangu wa kwanza nilipata ongezeko la kasi lililonifurahisha mno, nikalipeleka kwenye kikao cha maabara, na mwenzangu mmoja akauliza swali moja tu: je, kitengo cha kuleta data mapema kimewashwa katika mfumo wa msingi? Hakikuwa kimewashwa. Nilipokiwasha, karibu faida yote iliyeyuka, kwa sababu wazo langu lilikuwa likifanya kwa gharama kubwa kazi ambayo vichakataji vya kawaida tayari huifanya. Tangu hapo husoma faili ya mipangilio mstari kwa mstari, kwani mipangilio inayokuja na kiigaji huwekwa ili mfano uweze kukimbia, na hakuna aliyeahidi kwamba inafanana na mashine ya leo.

Kisha fanya majaribio matatu kabla ya kuonyesha mtu yeyote mchoro. La kwanza, acha msimbo wako mpya ndani ya kiigaji lakini uufanye usiamue chochote. Idadi ya mizunguko inapaswa kulingana na ya msingi hadi tarakimu ya mwisho, na ikitofautiana, kuna hitilafu. La pili, iga toleo kamilifu lisilowezekana, kwa mfano kitabiri kisichokosea kamwe, ili ujue dari iko wapi. Hoja aliyoitoa Gene Amdahl mwaka 1967 inatosha hapa: kama jambo unaloliboresha linachukua asilimia 20 ya muda, hata ukiliondoa lote kasi haitazidi mara 1.25, na anayeripoti mara 1.4 amekosea mahali fulani. La tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Kasi ikipanda, kitu kingine kilichoisababisha lazima kionekane kimebadilika: data zinazokosekana kwenye kache zimepungua, au makosa ya utabiri yamepungua. Kasi iliyopanda bila sababu yake kuonekana katika takwimu ni ya kuchunguzwa, hata kama tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ni kesho.

Unapotoa wastani wa uwiano wa kasi, tumia wastani wa kijiometri (kipeuo cha n cha zao la namba n), na uonyeshe kila programu peke yake, ikiwemo ile iliyopoteza kasi. Eleza pia gharama: kilobaiti ngapi za hifadhi, na mizunguko mingapi ya kusoma jedwali. Jedwali kubwa linalosomwa papo hapo ndani ya kiigaji ni muujiza wa programu tu, kwa maana waya na transista hazikubali.

Wiki kwa wiki

Kwa kikao na msimamizi, peleka mchoro mmoja unaouelewa badala ya kumi usiyoweza kuieleza. Mimi huchora kwa kalamu umbo ninalolitarajia kabla kazi hazijatoka kwenye klasta, kwa kuwa baada ya kuona matokeo akili hupata maelezo ya kila kitu. Andika katika daftari toleo la msimbo, mipangilio na tarehe ya kila jaribio, na utengeneze kila mchoro kwa skripti inayosoma takwimu ghafi, ili utakapotakiwa kuurudia miezi sita baadaye usianze kukumbuka ulibofya wapi.

Mwaka wa maabara hufuata tarehe za mikutano ya utafiti wa fani hii, yaani ISCA, ambayo ilianza mwaka 1973, pamoja na MICRO, HPCA na ASPLOS. Majuma machache kabla ya tarehe hizo klasta hufurika, hivyo majaribio makubwa yamalizike mapema na wiki ya mwisho ibaki kwa uandishi. Mikutano hiyo hukataa makala nyingi kuliko inazokubali, na makala iliyokataliwa hurekebishwa na kupelekwa kwingine. Maoni ya wahakiki yakifika, yaache siku mbili, kisha yasome ukiwa na kalamu na uweke alama kwenye jaribio lililoombwa na zaidi ya mhakiki mmoja. Liweke kwenye foleni siku hiyohiyo, kabla hujagusa sentensi yoyote ya makala.