Mwache ngamia dume amalize kazi yake

Mfugaji aliyezoea ng'ombe akianza kufuga ngamia, kosa lake la kwanza huwa kwenye hesabu. Anangoja siku 21, mzunguko wa ng'ombe, aone kama joto, yaani hamu ya kupandwa, litarudi. Ngamia jike hana mzunguko wa siku 21. Kifuko cha yai hukua kwenye ovari, hupevuka, kisha hungoja. Asipopandwa, kifuko hunywea na kingine huanza kukua. Akipandwa, yai hutoka siku moja hadi mbili baadaye.

Zamani ilidhaniwa kwamba ni msuguano wa kupandwa unaoamsha yai, kama ilivyo kwa paka na sungura. Mwaka 1985 watafiti wa China waliripoti kwamba ngamia wa nundu mbili walitoa yai kwa kuwekewa manii tu, bila kupandwa na dume. Miaka ya 2000 llama na alpaka, jamaa za ngamia kule Amerika Kusini, walidungwa sindano ya msuli yenye majimaji ya manii yaliyoondolewa mbegu. Wengi wao walitoa yai. Mwaka 2012 kundi la Marcelo Ratto wa Chile na Gregg Adams wa Kanada lilionyesha kwamba kinachofanya kazi hiyo ni protini ya kukuza neva, ile ile iliyompatia Rita Levi-Montalcini tuzo ya Nobel mwaka 1986. Protini hiyo hupenya ukuta wa mji wa mimba, huingia kwenye damu, na ubongo huachilia homoni inayopasua kifuko cha yai. Kwa hiyo manii hubeba mbegu, na hubeba pia ujumbe wa kuliita yai.

Ndiyo maana huniuma ninapoona dume akiharakishwa. Katika boma moja huko Isiolo, Kenya, jike alikuwa ameketi, miguu imekunjwa, dume yuko juu yake akitoa povu, na utando mwekundu wa kaakaa lake umefura nje ya mdomo kama puto. Dakika chache tu, kijana akavuta kamba amshushe, kwa kuwa majike wengine walikuwa wanangoja. Akaniuliza, "Si ameshaingia, daktari?" Kuingia si kumaliza. Fahali wa ng'ombe humaliza mara moja. Ngamia hutoa manii kidogo kidogo, mazito ya kunata, na huenda akachukua hata dakika 20. Mwache ainuke mwenyewe. Uwanja uwe na mchanga laini usio na mawe, na watoto na mbwa wakae mbali.

Anayetaka kupandisha kwa mrija, bila dume, ajue kwamba manii yaliyochanganywa na dawa ya kuyahifadhi huwa na ujumbe hafifu. Jike hudungwa homoni ya kuamsha yai, baada ya daktari wa mifugo kupima kwa ultrasaundi na kuona kifuko kimepevuka. Kikiwa bado kidogo, hata dume bora hatalitoa yai hilo.

Andika tarehe aliyopandwa. Kuanzia siku ya 15, mpitishe dume karibu naye. Mwenye mimba huinua mkia na kuukunja juu, akakaza mwili. Usimpime mapema zaidi, kwa sababu hata asiye na mimba anaweza kuinua mkia siku za kwanza, maana homoni baada ya yai kutoka hudumu siku nane hadi kumi hivi. Asiyeinua mkia mrudishe kwa dume, wala usikimbilie kumuuza kwa jina la tasa. Pengine hakupata ujumbe.

Mimba huchukua miezi 13 hivi. Mkia uliokuwa ukiinuka ukiacha kuinuka kabla ya muda huo, huenda mimba imeharibika. Mwite daktari achukue damu, apime brusela na surra, magonjwa yanayoweza kuharibu mimba, na kama kuna kijusi au kondo la nyuma chini, usiliguse kwa mikono mitupu.