Kuigeuza nafasi kuwa mahali katika filamu: hatua tano

Nafasi ni upana, kina na umbali ambao kamera inaweza kuupima. Mahali ni nafasi hiyohiyo baada ya watu kuizoea, kuitumia na kuipa jina. Mwanajiografia Yi-Fu Tuan alifafanua tofauti hii mwaka 1977, ingawa sisi tunayo tayari katika viambishi vya pa, ku na mu. Mfano wangu ni sini fupi, yaani tukio moja la filamu: mzee ameketi barazani Mji Mkongwe, Zanzibar, akimsubiri mwanawe.

Hatua ya 1. Nenda bila kamera, asubuhi na tena baada ya alasiri, uombe ruhusa ya wenyewe kisha uketi. Baraza ni kiti cha mawe kilichoshikana na ukuta wa nyumba, lakini mvua kubwa inapokijaza maji kichochoro, hugeuka njia ya kupitia. Andika nani hukaa upande gani na kivuli hufika wapi saa ngapi. Niliwahi kumkalisha mwigizaji penye kiti cha kila siku cha mtu mwingine, na wenyeji wakaicheka sini iliyokusudiwa kuwaliza.

Hatua ya 2. Iulize kila shoti, yaani kila kipande kinachopigwa bila kuikata kamera: ni kule, ni pale, au ni mle? Tunaposema nyumbani kuna watu, pana watu au mna watu, macho husogea kila mara. Shoti ya kule huonyesha kichochoro kizima kwa lenzi pana ya milimita 24, na mzee ni kitu kidogo kati ya kuta. Shoti ya pale hushuka hadi usawa wa macho ya aliyeketi, kwa lenzi ya kawaida ya milimita 50. Shoti ya mle hupigwa kutoka ndani ya mlango, hivi kwamba mtaa wote unakuwa nje.

Hatua ya 3. Rudia, kwa kuwa hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Piga baraza ileile, kwa pembe ileile na lenzi ileile, mara tatu: mzee akiwa peke yake, mzee na mwanawe, kisha baraza tupu. Mara ya kwanza mtazamaji huona mawe. Mara ya tatu, mawe yakiwa hayakubadilika hata kidogo, humwona aliyeondoka.

Hatua ya 4. Rekodi sauti za mtaa kwa dakika mbili bila mazungumzo, ukinasa vikombe vya muuza kahawa na kengele za baiskeli, kisha uziache zipite chini ya shoti zote za baraza.

Hatua ya 5. Katika uhariri, nafasi inaweza kughushiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Lev Kuleshov, mwongozaji filamu wa Urusi, aliunganisha shoti za sehemu mbalimbali za Moscow na picha ya Ikulu ya Marekani, zikaonekana kuwa eneo moja. Basi chumba cha ndani unaweza kukipiga hata Dar es Salaam. Ukimaliza, mwonyeshe kazi mtu asiyeujua mtaa huo, umwombe achore ramani yake, kisha umuulize yeye angeketi wapi. Akichora sawasawa lakini akakosa pa kuketi, rudi hatua ya 3.