Klipu za harusi hazifanani rangi? Anza na mwanga kwanza

Wakuu mnaoshuti harusi hapa Moshi na Arusha, hii shida mnaijua, kanisani watu wametoka njano, nje bluu, ukumbini zambarau, na kamera ya pili imetoa kitu kingine kabisa. Mimi natumia DaVinci Resolve ile ya bure ila utaratibu ni ule ule hata ukiwa na programu nyingine.

Usianze na rangi. Klipu ikiwa giza hata rangi yake huwezi kuisoma vizuri, so weka mwanga sawa kwanza. Chagua klipu moja iliyotoka poa, yenye sura za watu na kitu cheupe, shela inatosha kabisa, hiyo ndo kipimo chako zingine zote ziifuate. Alafu fungua skopu, zile grafu zinazopima mwanga na rangi ya picha, maana macho yanazoea haraka sana, ukikaa na klipu ya njano muda kidogo tu unaiona iko sawa. Kwenye wevufomu, grafu ya mwanga inayoanzia 0 ya giza hadi 1023 ya mwanga wa mwisho, ukiona shela imegonga 1023 juu kabisa na kulala bapa, shusha Gain, inayogusa sehemu angavu, lesi za shela zikirudi sawa, zisiporudi ujue kamera yenyewe haikuzichukua, endelea na mengine. Suti nyeusi ishushe kwa Lift, inayogusa sehemu za giza, ikaribie sifuri bila kulala pale.

Sura unazibeba na Gamma, inayogusa mwanga wa kati, na hapa naomba mnisikilize. Msipandishe ngozi nyeusi mpaka ifike namba za ngozi nyeupe mlizoziona kwenye tutorio, bwana harusi anatoka kijivu kama kapakwa majivu na hiyo video familia itaitunza miaka yote! Mwache na weusi wake, hakikisha tu macho yanaonekana na ule mng'ao wa paji la uso upo.

Sasa rangi. Kwenye paredi, skopu inayoonyesha kila rangi peke yake, angalia ile shela, nyekundu, kijani na bluu zifike karibu urefu mmoja, bluu ikiwa chini ndo njano yenyewe hiyo, sogeza Temp, kijani ikizidi sogeza Tint. Kisha zoom shavuni mpaka lijae, washa mstari wa ngozi kwenye vektaskopu, ile skopu ya duara ya rangi, ngozi za watu wote weusi kwa weupe zinaangukia karibu na huo mstari.

Msafara wa matarumbeta unazunguka kipilefti, wingu linaziba jua, kamera iko auto, mwanga unabadilika katikati ya klipu. Hapo weka kiifremu, alama ya kubadilisha setingi ndani ya klipu, pale badiliko linapoanza na linapoishia, likiwa la ghafla kata klipu tu.

Taa za LED za zambarau ukumbini usipambane nazo, mwanga wenyewe hauna rangi zingine za kurudisha, punguza satureshoni, yaani ukali wa rangi, kidogo basi.

Na shughuli ijayo funga waiti balansi, setingi ya kamera ya rangi ya mwanga, isiwe auto, weka 5600 juani, 3200 kwenye balbu za njano, kamera zote mbili namba moja, spidi ya shata 1/50 ya sekunde kwa sababu umeme wetu ni 50 Hz, ukiweka 1/60 taa zinaweza kucheza na kwenye kuediti kuziondoa ni kazi kweli.