Anza na kopo la kipande

Ukitaka kuigiza historia na waigizaji wenye ulemavu wa akili, karatasi ya maneno iache nyumbani. Mimi mwaka wa kwanza nilikuja nayo, kurasa 22, nimezihangaikia usiku kucha. Siku ya pili ya mazoezi zilikuwa zinafungiwa mandazi. Nilinuna, halafu nami nikala mandazi.

Chagua siku moja, si maisha ya mtu. Maisha yote ya Harry Thuku, aliyewatetea Waafrika wa Kenya dhidi ya wakoloni, ni mzigo. Tarehe 16 Machi 1922 inabebeka. Thuku amekamatwa siku mbili kabla. Watu wamefurika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi wakitaka aachiliwe. Wazee waliotumwa kuonana na serikali wanarudi na kusema haya, twendeni nyumbani. Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyekuwa katika umati huo, anawasuta, umati unasonga mbele, risasi zinalia. Aliyewahi kuambiwa angoje nje ya mlango haitaji kufafanuliwa kisa hicho.

Kisha watafutie kitu cha kushika. Sisi tulianza na kipande. Enzi hizo mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba karatasi yenye alama za vidole na habari za kazi yake, na wengi waliining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Tulikusanya makopo ya dawa ya viatu, tukayatia kamba ya katani, kila mtu akavaa lake tangu saa nne hadi wakati wa chai. Nikawa napita nikifoka, "Lete kipande!" Wote wakanyoosha makopo, isipokuwa kijana mmoja wa Kariobangi. Yeye aliingiza mkono mfukoni, akatoa kadi yake ya ulemavu, akanionyesha bila neno. Hakuna aliyemfundisha. Siku hizi igizo letu linaanza hivyo hivyo.

Wapeleke mahali penyewe. Jumamosi moja tulishuka mjini tukatembea Barabara ya Harry Thuku, hoteli ya Norfolk upande huu, Kenya National Theatre upande ule. Niliwaonyesha hoteli na kuwaambia kwamba inasimuliwa walowezi waliokuwa barazani nao walifyatua bunduki. (Nauli ipigie hesabu ya watu wawili kwa kila mwigizaji: yeye na anayemsindikiza. Ukisahau hilo, wiki ya tatu utafanya mazoezi na viti.)

Kuna onyesho moja gumu. Nyanjiru aliinua rinda lake mbele ya wanaume akawaambia walichukue, wampe yeye suruali zao. Kwa Wakikuyu, mwanamke kufanya hivyo ni tusi zito mno. Mama wa mwigizaji wetu alisikia habari hiyo akaja mbio, akataka nafasi apewe mtu mwingine. Mimi nikafanya kosa: nikazungumza na mama nusu saa nzima, binti ameketi papo hapo, ana miaka 34. Muulize mwigizaji kwanza. Tulipomuuliza, alisema Nyanjiru ni wake. Akajifunga leso mbili juu ya gauni, akafungua moja, akawatupia wazee usoni. Mama mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza.

Wa kuwakumbusha maneno asijifiche nyuma ya pazia. Mvike, mwingize katika umati, awe anagusa bega la mwenzake zamu ikifika. Mazoezi dakika 40, chai, dakika 40 tena, na wimbo wa kufungulia uwe ule ule kila siku.

Risasi ndizo zilizonisumbua zaidi. Nilipogonga mfuniko wa sufuria bila kutoa habari, mmoja alikimbilia chooni akakaa humo mpaka chakula cha mchana. Usimshtue mtu kwa kelele, hata kama hadhira itaipenda. Sasa ngoma inanyamaza ghafla, na makopo yanaangushwa sakafuni, moja baada ya jingine. Kelele inayotoka mkononi mwako mwenyewe haitishi. Serikali ilihesabu waliouawa kuwa 21, wengine wakasema ni zaidi. Sisi tunaangusha makopo 21. Kwa kuwa kikundi ni watu 11, makopo 10 tunawagawia wa safu ya mbele kabla ya kuanza.

Msimulizi wetu ndiye anayehesabu, na kila hesabu ni kopo moja. Kumi na nne huiruka. Huiruka kila mara, na siku ya kwanza nilimsahihisha kutoka pembeni, akapotea kabisa. Niliacha. Basi anapofika 21, kopo moja bado limo mkononi mwa mtu wa safu ya mbele, naye hajui afanye nini. Msimulizi humkazia macho, hasemi kitu, mpaka aliangushe.