Kusoma ofseti na kina cha nyuma kabla ya kununua rimu

Anayekwenda kutafuta rimu za mtumba, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, kwa kawaida huulizwa mambo mawili tu: inchi ngapi na matundu mangapi ya nati. Majibu hayo yanaweza kutosha kuifanya rimu iingie kwenye habu, yaani kitovu cha gari ambacho rimu hufungwa, lakini hayasemi tairi litakaa wapi likishafungwa, kama litazama ndani hadi liguse shokapu au litatokeza nje ya madigadi. Hilo huamuliwa na ofseti pamoja na upana wa rimu, na kimoja hakisomwi bila kingine. Nitatumia mfano wa Subaru Forester ya kizazi cha SH, gari ambalo wenye nalo hawachoki kulibadilishia rimu.

Hatua ya 1: Soma rimu uliyonayo. Ifungue, igeuze, kisha usugue vumbi la breki nyuma ya mikono yake. Kwenye rimu ya kiwandani ya Forester hiyo utakuta maandishi kama 16×6½JJ, na karibu yake namba 48. Upana ni inchi 6.5, na 48 ni ofseti kwa milimita, ambayo watengenezaji wengi huiandika ET48. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wa rimu unaokalia habu. Ikiwa chanya, uso huo uko upande wa nje wa mstari huo, hivyo rimu huingia chini ya gari. Ikiwa hasi, uso uko upande wa ndani na rimu hutokeza nje.

Hatua ya 2: Pima kina cha nyuma ikiwa maandishi yamefutika. Laza rimu isiyo na tairi kifudifudi juu ya boksi, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa nyuma, halafu teremsha futi wima hadi kwenye uso wa habu. Umbali huo ndio kina cha nyuma, ambacho wauzaji wa Marekani hukitaja kwa inchi. Pima pia upana wote kutoka ukingo hadi ukingo. Utazidi namba iliyochongwa kwa takriban inchi moja, kwa sababu upana unaoandikwa hupimwa pale tairi linapokalia, wala si kwenye kingo zenyewe. Anayesahau inchi hiyo atapata ofseti iliyokosewa kwa karibu milimita 13. Gawanya upana wote kwa 2, kisha utoe jibu hilo kwenye kina cha nyuma. Rimu yetu ina upana wote wa takriban milimita 190 na kina cha nyuma cha 143: 143 ukitoa 95 ni 48.

Hatua ya 3: Linganisha pande zote mbili. Tuseme unapelekewa rimu ya 8J, yaani ya upana wa inchi 8, yenye ET35. Muuzaji atakuambia kwamba tofauti ni milimita 13 tu, jambo ambalo lingekuwa kweli kama upana ungebaki uleule. Hesabu kwa upande wa ndani ni nusu ya upana ulioandikwa ukijumlisha ofseti, na kwa upande wa nje ni nusu ya upana ukitoa ofseti. Kwa milimita, rimu ya zamani inatoa 82.6 + 48 = 130.6 ndani na 34.6 nje. Mpya inatoa 101.6 + 35 = 136.6 ndani na 66.6 nje. Kwa hiyo rimu hiyo inasogea milimita 6 kuelekea shokapu, na wakati huohuo inatoka nje kwa milimita 32. Tairi likiwa pana zaidi kwa milimita 20, ongeza takriban 10 nyingine kila upande.

Hatua ya 4: Pima nafasi kwenye gari. Ndani, shokapu ya mbele ya gari kama hili imefungwa kwenye kibeba habu na hupanda na kushuka pamoja na gurudumu, hivyo pengo la milimita 5 kati yake na tairi hunitosha. Madigadi hayafuatani na gurudumu: gari likipakia abiria watano na kuingia shimoni, tairi hupanda hadi ndani ya tao, na pengo lililoonekana kubwa gari likiwa limesimama hutoweka. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili unapopima mbele. Ukiacha kugusa, kuna gharama nyingine ya kutoka nje mno: mzigo huzidi kwenye beringi na usukani huanza kuvutwa na mifereji ya barabara.

Hatua ya 5: Ukisita, chagua ofseti kubwa. Spesa, yaani kisahani kinachowekwa kati ya habu na rimu, ikiwa ya milimita 10 huifanya ET48 ifanye kazi kama ET38, lakini hakuna spesa inayoongeza ofseti, na kuchonga uso wa rimu ni kuidhoofisha mahali inapobeba mzigo. Ukiweka spesa, hesabu mizunguko ya nati. Bolti za Subaru ni za milimita 12 zenye uzi wa milimita 1.25 kwa kila mzunguko, kwa hiyo nati ishike angalau mizunguko 9 au 10. Nati za Toyota, zenye uzi wa 1.5, zisilazimishwe humo hata kama zinaanza kuingia kwa mkono.

Angalia pia tundu la kati. Toyota Premio na Forester SH zote hutumia matundu 5 kwenye duara la milimita 100, lakini habu ya Premio ni 54.1 na ya Forester ni 56.1. Rimu ya Subaru itaingia kwenye Premio kwa kuongezewa pete ya kati, ilhali ya kiwandani ya Premio haitaingia kabisa kwenye Forester.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kulipa zote. Funga rimu moja mbele ikiwa na tairi la ukubwa utakaotumia, paka chaki kwenye bega la tairi, zungusha usukani hadi mwisho, kisha pita polepole juu ya tuta gari likiwa na watu. Rudia nyuma. Chaki ikifutika, rimu hairudishwi mahali pake kwa maneno ya fundi kwamba "itazoea".